Harufu ya gesi ndani ya sanduku la spana: uchambuzi wa kisa cha trela la kambi

Trela lililetwa gereji, Arusha, kwa sababu ya harufu ya gesi, na mwenye kampuni ya safari alikuwa ameshaamua kwamba mbaya wake ni regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza msukumo wa gesi. Regulata mpya ilikuja ikiwa bado kwenye boksi lake, pamoja na ujumbe kwamba trela linahitajika kesho alfajiri kwa safari nyingine.

Hakuna aliyeungua na hakuna kilicholipuka. Nakiandika kisa hiki kwa sababu tulikuta makosa matatu ambayo yote yalizaliwa na uamuzi mmoja, na uamuzi huo hufanywa karibu kila mara fundi wa kuchomelea anapoletewa trela na kuambiwa, "Tufungie mitungi na sanduku hapo mbele."

Ni trela la ekseli moja, uzito wake kama kilo 1,400 likiwa limepakiwa. Linavutwa na Land Cruiser ya safari, na linabeba mahema, magodoro, meza, friji na vyombo vya mpishi. Mbele ya bodi kuna mkono wa kuvutia: mabomba mawili ya mraba yanayotoka chini ya bodi, moja kushoto na moja kulia, yakakutana mbele kwenye kikombe kinachokaa juu ya tufe la gari. Ile pembetatu iliyo wazi kati ya mabomba hayo huwatamanisha watu, maana inaonekana kama nafasi ya bure. Fundi wa awali aliijaza yote. Alitengeneza fremu moja ya engo, yaani vyuma vya umbo la L, akaipitisha chini ya mabomba, akaichomelea, kisha akaweka sanduku la chuma upande wa mbele na mitungi miwili ya kilo 15 nyuma yake, karibu na bodi. Kati ya mitungi na sanduku palikuwa na bati moja tu, nalo lilikuwa ukuta wa sanduku lenyewe.

Kwa macho kazi ilikuwa nzuri. Rangi safi, kona zimesagwa vizuri kwa grenda, kufuli imara. Ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka.

Kabla ya kugusa spana nilimuuliza dereva harufu ilianza wapi. Akasema, "Mzee, kwenye mtungi sikuisikia kabisa. Tulipita lango la Naabi, Serengeti, tairi likaisha upepo, nikafungua sanduku nichukue jeki. Hapo ndipo iliponipiga usoni."

Jibu hilo lilitosha kuiweka regulata kando kwa muda. Kama regulata ndiyo ingekuwa inavuja pale juu ya mtungi, upepo wa safari ungeipeperusha gesi, na mtu angeinusa akiwa amesimama jirani na mtungi. Huyu aliinusa alipofungua kitu kilichofungwa. Kwa hiyo maswali yalikuwa mawili: gesi inatoka wapi, na kwa nini imejikusanya mle ndani?

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Propani ina uzito wa mara moja na nusu hivi ya hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikapotea. Inashuka, inatafuta shimo, inatulia. Sakafu ya sanduku lile ilikuwa chini ya usawa wa vali za mitungi, na kwenye ule ukuta wa bati palikuwa na tundu lililotobolewa ili kupitisha waya, bila hata raba ya kulizibia. Mfuniko ulikuwa na mpira wa kuzuia vumbi, tena mpira mzuri. Kwa maneno mengine, sanduku lilikuwa na mlango wa gesi kuingia na halikuwa na pa kutokea.

Waya zenyewe zilikuwa za nini? Za betri. Ndani ya sanduku, pembeni ya jeki na minyororo, ilikaa betri ya friji pamoja na rilei, swichi ya umeme inayoiunganisha na chaji ya gari. Rilei ya namna hiyo huweza kutoa cheche ndogo kila inapoungana au kuachana, yaani kila gari linapowashwa na kuzimwa. Tukafanya hesabu pale pale mbele ya dereva, kwa sababu nilitaka aione mwenyewe. Sanduku lina ujazo wa lita 300 hivi. Gesi ya kupikia huanza kuweza kuwaka ikifika karibu asilimia 2 ya hewa, na kwa lita 300 hiyo ni lita 6 tu za gesi. Gesi ya kimiminika ikigeuka kuwa mvuke hutanuka kama mara 250, kwa hiyo lita hizo 6 hazifikii hata ujazo wa vijiko viwili vya chakula vya ile iliyomo mtungini. Dereva alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kama mfuniko wa sanduku ulikuwa mzito kiasi gani.

Mvujo wenyewe haukutusumbua. Tulikoroga sabuni ya maji, tukapaka kuanzia vali hadi mwisho wa mpira wa gesi. Regulata haikutoa hata povu moja. Povu lilitoka kwenye mpira, mahali ulipopita juu ya ukingo wa sanduku, jirani na bawaba. Palikuwa pamekwanguka upana wa ukucha wa kidole gumba hadi nyuzi za ndani zikaonekana. Ukingo wa bati ulikuwa umeusugua, kwa kuwa mtungi ulikuwa unacheza na mpira unacheza nao.

Mtungi ulicheza kwa nini? Kwa sababu ulifungwa kwa mpira wa tyubu. Chini kulikuwa na pete ya kuzuia kitako kisiteleze, na juu vipande vya tyubu vimezungushwa na kukazwa kwa nguvu zote za utingo. Najua mpira wa tyubu umebeba nusu ya mizigo ya nchi hii, kuanzia kreti za soda hadi vitanda juu ya daladala, wala siutukani. Lakini tabia yake ni kuvutika. Mtungi wa kilo 15 ukijaa hufika kilo 30 hivi ukijumlisha chuma chake, na trela linaporuka shimo kilo hizo 30 huwa kama 60 au 90 kwa kitambo kidogo. Mpira unaachia, mtungi unainuka, unarudi na kugonga. Kwenye pete ya chini ya mtungi mmoja rangi ilikuwa imetoka na chuma kinang'aa, dalili ya kugongagonga kwa muda mrefu.

Mpaka hapo mtu angeweza kubadilisha mpira wa gesi, akaziba tundu, akaweka mkanda imara, akakabidhi trela alfajiri. Nilitaka kwanza kuona fremu imeshikwaje kwa chini, kwa hiyo tukatoa mitungi, tukaipeleka uwanjani mbali na moto wa gereji, tukaosha matope.

Kwenye bomba la kushoto, pale engo ya nyuma ilipochomelewa, palikuwa na mstari mwembamba wa kutu nyekundu. Kutu peke yake haithibitishi kitu. Tukapaka mafuta ya taa, tukasubiri, tukafuta hadi pakakauka, kisha tukapaka unga wa chaki. Chaki ikabaki nyeupe kote isipokuwa mstari mmoja uliolowa taratibu: ulifuata ukingo wa kuchomelea kwenye uso wote wa chini wa bomba, halafu ukapanda ubavuni hadi karibu nusu ya kimo chake. Bomba la kulia lilikuwa na ufa mfupi zaidi, mahali pale pale.

Yaani waliokuja kutengenezewa harufu ya gesi walikuwa wanavuta trela ambalo mkono wake umebaki kushikiliwa na nusu ya chuma upande mmoja.

Sababu ya ufa huo inahitaji maelezo kidogo, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Trela limeegemea sehemu mbili, kwenye tufe la gari na kwenye matairi yake. Mzigo wote ulio kati ya sehemu hizo unaubonyeza mkono ujipinde kwenda chini, na uso wa chini wa bomba unavutika. Mvuto ni mkali zaidi karibu na pale mkono unapoingia chini ya bodi. Ukichomelea engo kwa kukatiza upana wa bomba kwenye uso ule wa chini, unakuwa umefanya mambo mawili kwa mpigo. Umekipasha chuma moto na kukidhoofisha pembeni ya mshono, na umeweka ukingo mkali ambapo mvuto wote unajikusanya. Kukatiza juu si kuzuri, kukatiza chini ni kubaya zaidi, na kukatiza chini karibu na bodi ndiko kubaya kuliko kote. Fundi yule alipachagua hapo hapo.

Halafu kuna barabara. Kutoka Arusha kupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ni lami. Baada ya hapo ni vumbi na changarawe kupita Ngorongoro hadi Naabi na Seronera, na kipande kirefu kina vile vijituta vilivyopangana kama migongo ya bati. Tuseme kijituta na kijituta vimeachana sentimita 80. Gari likienda kilomita 60 kwa saa linapita vijituta kama 20 kila sekunde, na kwa saa moja trela limetikiswa zaidi ya mara 70,000. Chuma hakivunjiki kwa sababu ya mtikisiko mmoja mkubwa; kinachoshwa na hii midogo isiyoisha. Springi na shokapu hupunguza mengi kwa vitu vilivyo juu ya ekseli, lakini mkono wa mbele unapokea pia mapigo ya gari lenyewe kupitia kwenye tufe.

Uzito je? Mitungi miwili kilo 60, sanduku na vilivyomo pamoja na betri kilo 90, fremu kilo 20. Jumla 170, na kitovu cha uzito huo kilikuwa mita 1.1 nyuma ya kikombe. Kutoka kikombe hadi ekseli ni mita 3.3. Hapo theluthi mbili ya mzigo huo, kilo 113, inakaa juu ya tufe la gari, na theluthi moja tu inabebwa na matairi ya trela. Tulipoweka mizani ya magunia chini ya kikombe tulisoma kilo 210. Kwa trela la kilo 1,400 hiyo ni asilimia 15. Wengi wanaofanya kazi hii hulenga kama asilimia 10. Pua, yaani ncha ya mbele inayokaa juu ya tufe, ikiwa nyepesi mno trela linayumba mkia. Ikizidi uzito, linalilemea gari nyuma na kuyapunguzia nguvu matairi ya mbele ambayo ndiyo ya usukani. Dereva alithibitisha bila kuulizwa: kwenye mteremko mkali usukani ulikuwa "mwepesi kama haujashika kitu."

Nikampigia mwenye kampuni. "Bosi, hili halitoki kesho." Alinijibu kwa hasira kwanza, halafu nikamtumia picha ya mstari wa chaki. Akakodi pikapu kwa safari ile.

Hatukuweka kiraka. Kiraka cha kukata mraba na kuchomelewa pande zote nne kinahamisha tu tatizo sentimita chache mbele, kwa sababu ncha zake mbili nazo zinakatiza bomba. Mtu akilazimika kuweka bati la kuimarisha, aliweke ubavuni, akate ncha zake ziwe za mshazari, na achomelee kufuata urefu wa bomba. Sisi tulitoa mkono mzima. Tukaweka mabomba ya milimita 100 kwa 50, unene milimita 4, na hatukuyaishilizia kwenye ukingo wa mbele wa bodi. Tuliyapitisha chini ya chesesi, yaani fremu inayobeba bodi, hadi kwenye kishikizo cha mbele cha springi, ili nguvu igawanyike kwenye urefu wote badala ya kuishia kwenye mshono mmoja.

Baadaye ndipo tukaja kwenye swali la awali: mitungi na sanduku vikae wapi?

Sanduku lilihamia ubavuni, mbele kidogo ya tairi, mita 2.9 kutoka kikombe. Kilo zile zile 90 ambazo mwanzo zilikuwa zinaweka kilo 65 kwenye tufe, sasa zinaweka 11 tu. Hatukulipeleka nyuma ya ekseli, ingawa utingo alipapenda kwa sababu ni rahisi kufikia. Uzito wa nyuma ya ekseli unainyanyua pua, na hapo trela linaanza kutingisha mkia kwenye mwendo. Sanduku limekaa kwenye mabano mawili yaliyofungwa kwa bolti ngumu za unene wa milimita 12 (M12, daraja 8.8) zinazopita katikati ya ubavu wa chesesi. Katikati ya kimo cha chuma ndipo penye mvuto mdogo, kwa hiyo tundu halidhuru sana. Ndani ya kila tundu tuliweka kipande cha bomba dogo, ili bolti ikikazwa isibonyeze kuta za chesesi. Nati ni zile zenye pete ya nailoni ndani ili zisilegee, na chini yake washa pana.

Hapo kijana mmoja wa gereji alitaka kuweka raba kati ya mabano na chesesi "ili ipunguze mtikisiko." Nilimkatalia. Raba inafaa kati ya chuma na mtungi. Chini ya bolti inayobeba mzigo haifai: inabonyea siku baada ya siku, na bolti iliyokazwa leo, wiki ijayo imelegea bila nati kuzunguka hata kidogo.

Betri ilipewa boksi lake, upande wa pili wa trela, na fyuzi karibu na nguzo yake. Matundu ya boksi hilo yapo juu, kwa kuwa betri ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hupanda. Ya mitungi yapo chini. Ukiviweka viwili hivi kwenye sanduku moja huwezi kuvitosheleza vyote.

Mitungi ilibaki kwenye mkono, lakini imesogezwa hadi karibu kabisa na bodi, nje, mahali penye upepo. Fremu yake haikuchomelewa kwenye mabomba. Engo mbili zinakaa juu ya mkono na kubanwa kwa yubolti, yaani bolti za umbo la U, kwa hiyo mabomba hayajatobolewa wala kupashwa moto. Sakafu ni ya wavu mnene wa chuma: maji yanatoka, matope yanatoka, na gesi ikivuja inaanguka ardhini. Kitako cha mtungi kinaingia kwenye pete, na kwenye theluthi mbili ya kimo kuna hoopu la flatibaa, yaani pete ya chuma bapa, lililovalishwa raba, linalokazwa kwa bolti moja ndefu. Tuliifanya bolti iwe ndefu makusudi, kwa sababu mitungi ya kampuni mbalimbali hailingani unene sawasawa, na huko njiani unabadilishiwa mtungi ulio dukani. Juu kuna chuma kingine kinachoushika mtungi kwenye kola yake usiruke, hakigusi vali. Mbele tumeweka bati la kukinga mawe yanayorushwa na matairi ya gari, nalo limeachwa wazi chini.

Mitungi imesimama wima, na hilo halina mjadala. Vali ya usalama imetengenezwa itoe gesi ya juu, si kimiminika. Mtungi uliolazwa hupeleka kimiminika kwenye regulata na mpira ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nimeona mitungi iliyolazwa chini ya viti vya magari ya kambi, na sina neno la adabu la kuielezea.

Australia na New Zealand, ambako matrela ya namna hii ni mengi, wana kiwango maalumu cha gesi kwenye karavani na boti, AS/NZS 5601.2. Kwetu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inasimamia biashara ya gesi, na trafiki barabarani atakuuliza taa, matairi na breki. Nani atainama kuangalia chini ya mkono wa trela? Kiutendaji ni dereva na fundi wake.

Ubishi mkubwa haukuwa wa chuma. Ulikuwa wa mpishi. Nilisema kabla ya kuondoka, vali zifungwe, regulata itolewe, kifuniko cha vali kirudishwe, mpira wa gesi ukunjwe na kuwekwa ndani. Mpishi, mama mtu mzima anayeijua kazi yake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, wageni wakishuka garini wanataka chai muda huo huo. Nikianza kufungafunga mitambo gizani, lawama ni zangu." Ana haki. Kwa hiyo tulimtengenezea kishubaka kidogo ubavuni mwa fremu, chenye mfuniko, mahususi kwa regulata na mpira wake, na tukamwekea chupa ya maji ya sabuni humo humo. Kufunga na kupima povu sasa havimchukui muda wa kuchemsha birika. Tungemwacha atafute regulata kwenye kapu la masufuria, angeiacha imefungwa mtungini siku zote, na tungerudi kule kule.

Pua ilipopimwa upya ilisoma kilo 150.

Kila nati tuliipiga mstari wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani, ili dereva akipita na tochi jioni aone kama mstari umekatika. Trela liliporudi baada ya msimu, mistari ilikuwa mizima kwenye mabano ya sanduku. Kwenye yubolti za fremu ya mitungi, mistari miwili ilikuwa imesogea, yote upande wa kushoto, ambako mtungi unaotumika kwanza hukaa na kutolewa mara kwa mara. Tulipowauliza, utingo alikiri kwamba hulegeza yubolti badala ya bolti ya hoopu, kwa sababu spana yake ni ile ile ya magurudumu na anayo mkononi. Tukabadilisha bolti ya hoopu ikawa ya saizi ya spana hiyo, na kwenye yubolti tukaongeza nati ya pili juu ya ya kwanza. Mkono ulipakwa chaki tena na hapakulowa popote.

Madumu mawili ya petroli ya jenereta bado yanasafiri yamefungwa ubavuni, nyuma tu ya sanduku la spana. Mwenye kampuni ameahidi kununua jenereta la dizeli. Hadi atakapolinunua, nimemwandikia kwenye risiti kwamba madumu yahamie nyuma upande wa pili, mbali na betri pia.